Njia Isiyopita Pale

Kaka yangu alifia kwenye lami, kati ya Benaco na Nyakahura, asubuhi ambayo mimi nilikuwa Keza nikiwaonyesha wakulima namna ya kuutambua mgomba ulioanza kunyauka. Simu ilikuwa mfukoni, nimeizima sauti. Nilipoitoa nilikuta namba yake imenipigia mara nyingi, na baada ya hapo kuna ujumbe mmoja usio na neno hata moja, ila ramani ndogo yenye alama nyekundu.

Nilipiga. Akapokea mwanamume nisiyemjua. Alisema yeye ni mpita njia, simu ameiokota kwenye majani, na jina langu ndilo lililokuwa juu kabisa, kwa hiyo amenitumia mahali alipo. Nikamuuliza mwenye simu yuko wapi.

"Dada, njooni hapo nilipokutumia," akasema.

Nikamuuliza kama anaongea.

"Njooni tu hapo."

Ile alama niliituma kwa baba mdogo, nikampigia nikamweleza, halafu nikarudi kwa wakulima nikamalizia somo. Nilikuwa na panga mkononi, la kukatia mgomba wa mfano. Nikakata, nikawaonyesha ute wa njano unaotoka kwenye shina, nikawaambia wapitishe panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mama mmoja akauliza kama ndizi za mgomba kama huo zinalika. Nikamjibu. Ndipo nikawaambia kwamba nimefiwa, nikafunga mzigo wangu kwenye pikipiki.

Tulizaliwa wawili tu. Baba alifariki tukiwa shule ya msingi, mama akatulea kwa kahawa na maharage pale Mbuba. Kaka aliacha masomo mapema akaingia kwenye bodaboda, na pikipiki niliyojifunzia ilikuwa ya kwake. Alinifundishia kwenye uwanja wa shule siku za Jumapili baada ya misa, akikimbia nyuma yangu huku ameshika karia, mpaka siku niliyogeuka nikamwona amesimama mbali kwenye goli, mikono kiunoni. Baadaye alihamia Biharamulo, akaoa binti wa Kisukuma kutoka kijiji kilicho kabla hujafika Biharamulo mjini, wakapata mtoto wa kike. Siku ile alikuwa amempeleka abiria Benaco na alikuwa anarudi peke yake. Lori lililomgonga halikusimama, na mpaka leo hatujui lilikuwa la nani wala lilikuwa linakwenda wapi.

Kwenye msiba mimi ndiye niliyekuwa naulizwa kila kitu. Turubai liko wapi, maji yamekwisha, padri anafika saa ngapi, wakwe walale nyumba ipi. Nilijibu vizuri. Wanawake wa jumuiya walisema nina moyo. Wifi yangu alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani, mtoto kakaa juu ya tumbo lake kama aliyekaa juu ya gogo, na kila nilipoingia kuchukua kitu nilipita pembeni yao bila kuwaangalia sana. Tulimzika kwenye migomba, karibu na baba. Udongo ulipokuwa unarudishwa niliona mmoja wa wachimbaji amevaa viatu vya kaka. Nikawaza tu kwamba vinamtosha.

Baada ya watu kutawanyika mama aliniita jikoni. Alikuwa anachambua maharage. Hakuniangalia.

"Kazi yako inakupeleka Biharamulo," akasema. "Sikukatazi kazi. Ila usipite pale."

Nikamwambia sawa. Hakulirudia tena neno hilo, wala mimi sikumuuliza maana yake.

Kazi yenyewe ni mradi wa mbegu za maharage na miche safi ya migomba. Ofisi yetu iko Ngara mjini, lakini wakulima tunaowahudumia wako wilaya zote mbili, Ngara na Biharamulo. Kabla ya hapo sikuwahi kuifikiria njia. Ukitaka kwenda Biharamulo unashuka Benaco, unashika lami, unapita Nyakahura, unafika Lusahunga, unakunja kushoto. Malori yanayotoka bandarini kwenda Kigali na Bujumbura yanapita hapo hapo, nawe unajibana pembeni na kusonga.

Sasa ilinibidi nitafute njia nyingine. Ramani ya kwenye simu, ile ambayo kila mtu anayo, haikunisaidia. Nikiiuliza njia ya kwenda Biharamulo inanipa mstari wa bluu juu ya lami. Nikiuvuta mstari pembeni kwa kidole, unarudi. Mwenzangu wa ofisini, afisa mifugo, ndiye aliyenionyesha ramani nyingine, ya bure nayo, ambayo huchorwa na watu wa kawaida wanaojitolea. Alikuwa anaitumia kutafuta majosho na malambo. Ndani yake kulikuwa na vijia vya miguu, visima, zahanati, hata mti mkubwa njia panda. Unaipakua wilaya nzima ukiwa na mtandao, halafu huko porini inafanya kazi bila bando. Ukichora njia yako inakuchorea na milima chini yake, pa kupanda na pa kushuka, ujue mapema wapi utaiua injini.

Nilijifunza haraka. Kila jioni, nikishakula, nilikaa mezani na simu na kompyuta ya ofisi nikipanga safari za wiki. Kwenye kompyuta nilifungua picha zilizopigwa kutoka angani nikazilinganisha na ile ramani. Nikajua kwamba mstari mweupe uliopinda ni njia ya ng'ombe, ulionyooka ni ya watu, na unaopanuka ukishuka bondeni ni mfereji wa maji, si njia kabisa. Nilikosea mara kadhaa. Kuna mahali nilifuata njia nzuri ya kwenye ramani nikaishia kwenye ua wa watu wanaokaanga mihogo, wakanikaribisha. Kuna daraja nililoliamini, nikakuta ni magogo mawili na utelezi juu yake, nikafungua mzigo, nikavusha magunia ya mbegu moja moja kichwani, nikarudi kuisukuma pikipiki. Nilifanya hayo yote bila kukasirika. Nililowa mpaka kiunoni, nikakausha soksi juu ya injini, nikaendelea.

Kwa njia hizo nilikuwa natoka Ngara, napita Mbuba, nashika barabara ya udongo ya Rulenge, natokea Nyakahura. Nikifika Nyakahura pale ninapopakwepa pameshabaki nyuma, upande wa kushoto. Wakati mwingine nilipita ndani zaidi, kupitia Nyakisasa, kwa sababu tu kulikuwa na kijia ambacho sijakijaribu. Ofisini walidhani nabana mafuta. Mkuu wangu alinisifu kwenye kikao, akasema wengine waige. Niliitikia kwa kichwa. Sikuwa na huzuni niliyoweza kuionyesha, wala furaha. Nilikuwa na mistari. Nilipokuwa nachora nilijua kitu kimoja cha kufanya baada ya kingine, na hilo lilinitosha.

Nakumbuka mama mmoja wa Nyakisasa. Nilifika kwake nikifuata kijia cha kwenye simu, kikanipitisha katikati ya maharage yake, kati ya jiko na zizi la mbuzi. Alitoka na mwiko mkononi. Nilizima pikipiki, nikavua helmeti. Alipoona ni mwanamke akapunguza sauti. Akaniambia kwamba zamani hapo walikuwa wanapita majirani zake wanaokwenda kisimani, basi, lakini siku hizi pikipiki za watu asiowajua zinakuja moja kwa moja kama zimetumwa, zinamkanyagia maharage, na akiwauliza wanasema simu ndiyo imewaambia.

Nikamweleza kwamba yawezekana kuna mtu alipita akaichora, kwa nia njema.

"Na wewe unaweza kuifuta?" akaniuliza.

Nikamwambia naweza. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, akanitazama mikono mpaka nikamaliza. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, ikabidi nisogee hadi kwenye mwinuko nyuma ya choo chake, naye akanifuata. Niliifuta ile njia, nikaiacha ile ya kisimani tu, nikaiandika kuwa ni ya miguu. Nilipomwonyesha hakuona tofauti, ila alishukuru. Alinipa matunda mengi ya karakara kwenye kitenge kilichochakaa. Akaniuliza nimeolewa wapi. Nikamwambia bado. Akaniuliza nina kaka, nikamwambia ninaye. Nilishatoka kwake, nimefika barabarani, ndipo nikasikia nilichokuwa nimemjibu. Sikurudi kumsahihisha.

Ukapita mwaka na kitu. Wifi yangu alikuwa ameshaondoka chumba walichopanga Biharamulo, amerudi kwa wazazi wake na mtoto. Tulikuwa tunaongea kwa simu, si mara nyingi. Siku moja akanipigia akaniambia, "Wifi, naomba umlete mama. Nina jambo la kumwambia na si la kwenye simu."

Nilijua ni jambo gani. Mwanamke mwenye umri wake hawezi kukaa hivyo hivyo, na asingemwita mama mkwe wake safari yote ile kwa ajili ya salamu. Mama naye alijua. Nilipomfikishia ujumbe aliuliza tu ni lini.

Ilikuwa masika. Barabara ya Rulenge ilikuwa imekatika. Kalavati lilikuwa limebebwa na maji, magari yalikuwa yanageuza, na pikipiki zilikuwa zinavushwa na vijana kwa mabega. Kumvusha mama hivyo kusingewezekana. Nyonga yake ilikuwa inamsumbua, na kukaa muda mrefu nyuma ya pikipiki kulikuwa adhabu tayari. Basi la kupita lami ndilo lingekuwa rahisi kuliko yote, lakini sikulitaja.

Nilikaa na ile ramani siku kadhaa. Sijawahi kupanga njia kwa uangalifu ule, kabla wala baada. Nilitafuta mahali ambapo mto ni mwembamba. Nilipima milima, nikaepuka mteremko wowote ambao ungemfanya mama anielemee mgongoni. Niliwapigia wakulima ninaowajua huko Keza na Nyakisasa kuwauliza hiki kijia kikoje baada ya mvua, daraja la kijia kile limesimama au limelala. Nikaweka alama mahali pa kupumzika, kila alama karibu na nyumba ya mtu ninayemfahamu, ili mama apate kiti na maji. Ilikuwa njia ndefu iliyojikunja kama utumbo, tungelala mahali usiku mmoja, lakini ilikuwa inafika, na ilikuwa haipiti pale.

Jumamosi nikaenda Mbuba kumweleza. Tulikaa nje, nikamwekea simu magotini. Mama hajui kusoma ramani, kwa hiyo nilimtajia: hapa tunashuka bondeni, hapa tunazunguka kilima, hapa tunavuka, hapa kuna mwalimu mmoja mstaafu tutalala kwake, hapa tunaingia kwenye miti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akanirudishia simu.

"Njia za hivyo mimi nilishapita," akasema. "Nilipita nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Tulizunguka vilima hivyo hivyo, tukalala kwa watu tusiowajua, tukavuka mto usiku. Nilikuwa mdogo, lakini huwa nakumbuka baridi ya kanga yake."

Wazazi wa mama walitoka Burundi wakati wa machafuko, hilo nilikuwa nalijua maisha yangu yote. Hakuwa mtu wa kulisimulia.

"Wakati ule tulikuwa tunakimbia," akaendelea. "Sasa hivi mimi simkimbii mtu. Tupite lami."

Nikamwambia yeye ndiye aliyenikataza.

"Nilikukataza wewe kupita peke yako. Ningekuwa nakaa hapa nasubiri kila siku. Sasa tutakuwa wote."

Niliitazama ile njia kwenye simu, mstari wa zambarau wenye alama zake, nikaufunga. Nilikuwa na hisia kama ya mtu aliyeng'olewa jino akiwa amechomwa sindano: unajua kuna kitu kimetoka, ulimi unapita pale, hupati maumivu.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi na mapema baada ya chai. Nilimfunga mama mto mdogo chini ya nyonga, nikamvalisha helmeti juu ya kilemba, akalalamika kwamba hasikii. Mzigo wetu ulikuwa mkungu wa ndizi za kupika, maharage, na nguo za mtoto ambazo mama alizinunua gulioni kwa kukadiria. Tukapanda hadi tukaikuta lami ya kutoka Ngara, tukashuka kuelekea Benaco. Hali ya hewa ilikuwa ya mawingu. Mama alinishika kiuno kwa mikono yote miwili. Kila lori lilipotupita alikuwa anabana, kisha analegeza.

Baada ya Benaco nilipunguza mwendo. Ile alama nyekundu nilikuwa bado ninayo kwenye simu. Sikuwahi kuifuta, sikuwahi kuifungua. Nikaifungua, nikaibana simu kwenye usukani. Ilituongoza mpaka mahali ambapo barabara inapinda kidogo, miti iko pande zote mbili. Kulikuwa na lori limeharibika, limeegeshwa nusu barabarani, dereva ametandaza matawi mabichi nyuma na mbele yake kuwaonya wenzake, kama ilivyo desturi. Yeye mwenyewe alikuwa chini ya lori, miguu ndiyo inaonekana. Nikasimama nje ya lami, nikamshusha mama.

Palikuwa mahali pa kawaida. Majani yalikuwa marefu kwa sababu ya mvua. Kulikuwa na chupa za maji zilizotupwa na kipande cha tairi. Nilitembea na simu mkononi kama mtu anayetafuta mtandao, na ile alama ikanipeleka nje ya barabara, ndani ya kichaka cha miiba, mahali ambapo pikipiki isingeweza kufika hata kama imerushwa. Nikarudi nyuma, nikazima simu nikaiwasha, nikajaribu tena. Ikanipeleka kwenye kichaka kile kile.

Mama aliniuliza, "Ni hapa?"

Nikamwambia simu inasema ni kule ndani, lakini haiwezekani. Nikamweleza kwamba siku nyingine hizi alama hukosea, hasa kwenye miti mingi, na yule mpita njia huenda aliituma akiwa amesogea.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mama."

"Basi ni hapa kote," akasema.

Akavua helmeti, akanipa nishike. Alitoa rozari, akasali akitembea taratibu ukingoni mwa barabara, kwa Kihangaza, kwa sauti ya chini, mpaka kwenye yale matawi ya mbele na kurudi. Mimi nilisimama na helmeti mbili. Nilikuwa nasubiri kitu kinijie. Nilijua kwamba hapa ndipo watu hulia, na kama mama angelia ningemshika, na pengine ningeanza na mimi. Lakini hakulia. Niliangalia oili inavyodondoka chini ya lori kwenye changarawe. Nilisikia harufu ya breki zilizoungua. Nikawaza kwamba tairi langu la nyuma linahitaji upepo.

Dereva alitoka chini ya lori akijifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mtu mzima wa makamo, macho mekundu ya usingizi. Alipomwona mama akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Limekushinda?"

Akasema kuna mpira wa upepo umepasuka, ameshapata mwingine, anaondoka sasa hivi. Mama akamuuliza anatoka wapi, akasema Dar es Salaam, anakwenda Bujumbura. Mama akamuuliza ana watoto. Akasema anao, wako Morogoro na mama yao. Mama alimtazama muda mrefu, mpaka yule mtu akaanza kuona aibu na kuangalia mikono yake.

"Mwanangu alikuwa mtu wa pikipiki," mama akasema. "Alikufa hapa. Aligongwa na rori."

Dereva akasema pole sana mama, halafu akasema hakuwa yeye, kwa sauti ndogo, ingawa hakuna aliyemshitaki.

"Najua," mama akasema. "Nakuambia ili ulijue tu. Ukimwona mtu wa pikipiki, mpishe."

Akaitikia. Kisha akaenda akayaokota yale matawi, yote, hata madogo ambayo wengine huyaacha yakaoza barabarani, akayatupa porini, akamsaidia mama kupanda nyuma yangu. Tulipoondoka nilimwona kwenye kioo bado amesimama.

Tulifika Lusahunga. Hapo mama akataka chai. Tuliketi kwenye mgahawa wa mabati, na alipomaliza kikombe akaniambia kwamba helmeti inamuumiza masikio. Ndilo jambo pekee alilosema.

Kwa wifi tulifika alasiri. Nyumba ya wazazi wake imezungukwa na ua wa minyaa, zizi la ng'ombe liko mbele, na uwanja umefagiwa mpaka unang'aa. Alitoka mbio akapiga magoti mbele ya mama, wakashikana hivyo kwa muda. Mtoto alisimama mlangoni. Alikuwa amekuwa mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kumwona kaka usoni mwake, na kweli alikuwepo, paji la uso na namna ya kukunja mdomo, na mimi nikatazama hayo kama ninavyotazama jani kutafuta ugonjwa: hiki kipo, hiki kipo. Akanisalimia shikamoo shangazi. Nguo mama alizonunua zilikuwa zimeshakuwa ndogo.

Jioni, baada ya ugali, baba yake wifi, mwenye nyumba, aliondoka kwa heshima akaenda zizini, akatuachia sebule. Wifi akasema alilokuwa nalo. Kuna mwanamume, fundi ujenzi wa Nyakanazi, naye amefiwa na mkewe, anataka kumuoa. Wazazi wake wamekubali. Yule mwanamume hana neno na mtoto. Lakini mtoto ni wa Mbuba, ni damu ya Mbuba, na yeye hataki kuvuka kizingiti cha mtu mwingine kabla mama hajasema mtoto akae wapi.

"Ukisema nimrudishe kwenu, nitamrudisha," akasema. "Nitalia, lakini nitamrudisha."

Nilikuwa na hakika mama angemchukua. Wazee wa ukoo wetu walikuwa wameshasema hivyo tangu msiba, na mama alikuwa na chumba alichokipaka chokaa. Aliegemea ukuta kwa upande wa nyonga isiyouma.

"Anakula vizuri?" akauliza.

"Anakula."

"Huyo fundi, mtoto akilia usiku, anasema nini?"

Wifi alifikiri. Akasema siku moja alikuja kutembea, mtoto akaanguka akaumia goti, yeye ndiye aliyemwosha, na alikuwa anamsimulia habari za sungura huku anamwosha.

"Basi akae na wewe," mama akasema. "Likizo aje kwangu, alijue kaburi la baba yake na ajue kuchuma kahawa. Wazee nitazungumza nao mimi."

Wifi alijifunika uso kwa kanga. Mama akanyoosha mkono akamshika kichwani, wakabaki hivyo. Mimi nilitoka nje kumwagia pikipiki maji, ingawa haikuwa chafu sana.

Asubuhi mtoto alinikuta nafunga mzigo. Mama alikuwa ameamua kubaki wiki nzima, mimi nilitakiwa ofisini. Mtoto akaizunguka pikipiki, akagusa taa, akagusa kioo, akasema baba alikuwa na nyekundu. Nilimuuliza kama anataka kupanda. Nikamweka mbele yangu juu ya tenki, nikaenda gia ya kwanza kuuzunguka uwanja, kulizunguka zizi, kupita nyuma ya nyumba na kurudi. Raundi ya pili akagundua honi. Ng'ombe walishtuka, ndama mmoja akaruka minyaa, baba mwenye nyumba akaanza kukimbia akiwa na mswaki mdomoni, na mama, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akipasha nyonga yake jua, akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimesikia sauti hiyo tangu msiba. Nilipita mbele yake na mjukuu wake anapiga honi, na uso wangu ulikuwa umekaza, sijui ulikuwa unataka kufanya nini. Macho yaliniwasha. Nikasema ni vumbi, ingawa ardhi ilikuwa imelowa, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Walifunga ndoa baada ya mavuno ya maharage. Mama alikwenda, mimi sikupata ruhusa. Wazee wa ukoo walinuna kwa muda, kisha wakazoea. Fundi yule nimekutana naye mara mbili. Ni mtu wa maneno machache, ana kucha zenye simenti, na mtoto anamwita kwa jina lake, naye hasemi kitu.

Likizo ndefu ya kwanza nilienda Nyakanazi kumchukua. Nilikuwa nimemnunulia helmeti ya kichwa chake, ya kijani, na mkanda wa kumfunga kwangu ili akisinzia asianguke. Mama yake alimpaka mafuta mpaka akang'aa, akampa mfuko wa karanga za kumpelekea bibi. Kabla hatujaondoka nilimwambia kuna njia mbili, moja ya udongo, wameshaitengeneza, inapita Rulenge na ina vilima, nyingine ni lami. Nilimwuliza kwa sababu mimi mwenyewe asubuhi ile sikuwa nimepanga lolote.

Akaniuliza nyani wako kwenye ipi.

Nikamwambia kwenye lami, wanakaa pembeni wakisubiri watu wawatupie ndizi.

"Basi hiyo," akasema.

Nikamfunga mkanda, nikaangalia upepo wa matairi, tukaondoka. Nyani tuliwakuta wengi, jike mmoja amebeba mwanawe tumboni anavuka barabara bila haraka, malori mawili yamesimama yakimsubiri. Mtoto aliwasalimia kwa Kisukuma, na pale tulipapita akiwa bado anageuka kuwatafuta. Alasiri tulikuwa Mbuba, mama amekaa nje anamenya ndizi, na mvua ilikuwa haijanyesha.